Kibanda Chenye Serikali Mbili

Pale Okpareke, barabara kuu inapopinda kuukwepa ukuta wa mahakama, kuna benchi moja refu lililokaliwa mpaka likashika umbo la makalio ya wenyewe. Kulia kwa benchi, Obiora huyapanga magazeti yake chini juu ya nailoni, kila moja na jiwe lake, na wenye benchi huyasoma bila kununua hata moja tangu enzi za utawala wa wanajeshi. Wana chama chao, Umoja wa Wasomaji wa Bure, chenye mwenyekiti, katibu na katiba isiyoandikwa popote, yenye kifungu kimoja tu: vichwa vya habari ruksa, kugeuza ukurasa mwiko. Kushoto kwa benchi ndiyo himaya ya Mama Ozohu: nguzo nne, paa la mabati yaliyopigiliwa kwenye fremu ya mbao, karai la mafuta ya mawese na sufuria la uji wa mahindi. Hukaanga akara za kunde, akazifunga kwa magazeti ya juzi ambayo Obiora ameshindwa kuyauza, na mkono ukigeuza, sikio linapokea. Asichokisikia Mama Ozohu pale Okpareke, hakijatokea.

Ijumaa hiyo hakuna aliyesoma gazeti. Wote walikuwa wanakisoma kibanda.

Kwenye ubao wa mbele palikuwa na alama mbili. Ya kwanza ni msalaba mwekundu wa rangi ya mafuta, walioupiga watu wa serikali ya jimbo wiki moja kabla, na chini yake: ONDOA, SIKU 7. Ya pili ni karatasi yenye muhuri, waliyobandika watu wa serikali kuu juzi Jumatano, tena wakaibandika juu ya msalaba wenyewe, utadhani ubao mzima ulikosa nafasi. Karatasi ilisema jengo lolote lililosimikwa ardhini kando ya barabara ya serikali kuu lisiondolewe mpaka lihesabiwe, na atakayeliondoa, awe mwenyewe au mwingine, kifungo miezi mitatu.

Kwa hiyo Mama Ozohu akikiacha, jimbo linakisaga. Akikivunja mwenyewe aokoe mabati yake, serikali kuu inamfunga. Na siku ya saba ndiyo leo, na katapila la jimbo lilikuwa kazini tangu alfajiri kule kwenye mzunguko wa soko. Ukinyamaza ulilisikia likiguna.

— Nauliza kwa mara ya mwisho, alisema Mama Ozohu, mwiko mkononi. Nivunje, nisivunje? Miaka kumi na tisa nimesimama hapa, miguu imekuwa kama mihogo. Sitaki mahubiri. Nataka neno moja.

— Neno moja! alicheka Mheshimiwa. Mama, sheria ingekuwa na neno moja, sisi tungekula wapi?

Huyu Mheshimiwa jina lake ni Achimugu, na hakuwahi kuwa jaji. Kazi yake pale mahakamani ilikuwa kupiga kelele watu wasimame jaji anapoingia. Lakini mtu akiwasimamisha watu kwa miaka thelathini na moja, mwisho huanza kuamini kuwa wanamsimamia yeye.

— Sikiliza, aliendelea, akikunja mguu. Sheria ni maneno. Unasoma kilichoandikwa, unafunga domo. Jaji haruhusiwi kuuliza aliyeitunga alikuwa anawaza nini, kama wewe usivyomuuliza maiti kwa nini amekufa.

— Kwetu maiti huulizwa, alidakia Profesa. Tena mara nyingine hujibu.

Profesa ni Terkimbi, mwalimu mstaafu wa darasa la tatu. Cheo alikipata siku aliyomsahihisha mchungaji katikati ya mahubiri.

— Kwenu hata mbuzi huulizwa, alisema Mheshimiwa.

— Bora tunauliza. Wewe unasoma maneno kama mtu anayelamba bakuli tupu. Maneno ni ganda, Mheshimiwa. Ndani kuna nia. Jimbo lilipotunga hii sheria ya vibanda, lilikuwa na nia gani?

— Usafi. Imeandikwa juu kabisa: Sheria ya Usafi.

— Usafi! Nani Okpareke hii amewahi kuugua kwa akara? Haya, nikwambieni nia. Kamishna wa usafi ameoa mke wa pili.

Mwiko wa Mama Ozohu ulisimama hewani.

— Yule mfupi, alisema. Mwenye mwanya.

— Huyo huyo. Na kamfungulia nini?

— Tanuri la mikate, kule njia ya kanisa la zamani. Hilo nalijua, nimejua hata kabla mume hajajua. Endelea.

— Sasa jumlisha mwenyewe. Asubuhi watu wa Okpareke wanakula nini?

— Akara, alisema Obiora kutoka kwenye magazeti yake.

— Vibanda vyote vikisagwa, watakula nini?

— Mikate!

— Basi, alisema Profesa, akiegemea nyuma. Hiyo ndiyo nia ya mtunga sheria. Anayetafsiri sheria bila kujua nani kamuoa nani anapoteza muda wa mahakama. Kama wahenga walivyosema, mchuma janga hula na wa kwao.

Methali hiyo haikuwa na uhusiano wowote na mikate, lakini kijiweni hapo methali haiulizwi ilikotoka. Mama Ozohu alihisi joto tamu mwilini. Umbea ulioiva humpa mtu nguvu hata siku ya kubomolewa. Kisha katapila likaguna tena, na safari hii kitu cha bati kilifuata kwa kuanguka, mbali lakini si mbali sana.

— Umbea nimeupokea, Profesa, Mungu akuzidishie. Nivunje, nisivunje?

— Tuzisikilize mahakama kwanza, alisema Mheshimiwa. Obiora! Magazeti yanasemaje?

Obiora aliinama juu ya biashara yake.

— Hili hapa linasema, mahakama ya jimbo imeamua jana kuwa kando ya barabara ni ardhi, na ardhi ni ya jimbo.

— Mnaona!

— Na hili hapa linasema, mahakama ya serikali kuu imeamua jana kuwa kando ya barabara ni barabara, na barabara ni ya serikali kuu.

— Jana hiyo hiyo? aliuliza Mama Ozohu.

— Jana hiyo hiyo, mama. Saa nne asubuhi, zote mbili. Ila hili la tatu lina msomi wa chuo kikuu. Kaandika kirefu. Kichwa kinasema: Mvutano wa Sheria, Ukweli Huu Hapa.

Benchi zima lilisogea. Obiora akasoma kwa kunyoosha kidole: msomi anaanza na wakoloni, anapita kwenye katiba zote ambazo nchi imewahi kuzivaa na kuzivua, anafika kwenye orodha ya mambo yasiyogusika ila na serikali kuu, anafika kwenye orodha ya mambo yanayogusika na wote wawili, anafika kando ya barabara kabisa, anasema “na kwa hiyo ni dhahiri kwamba”...

— Kwamba nini?

— Inaendelea ukurasa wa saba.

Umoja wa Wasomaji wa Bure ukamtazama Obiora. Kugeuza ukurasa ni mwiko, na Obiora katika jambo hilo hajawahi kumhurumia hata mfiwa anayetafuta tangazo la msiba wake. Mama Ozohu akachukua akara mbili zinazofuka moshi, akazipaka pilipili, akamnyooshea. Obiora akazitazama. Akazila. Akageuza.

— “...ni dhahiri kwamba jambo hili linahitaji utafiti zaidi.”

— Rudisha akara zangu, alisema Mama Ozohu.

Hapo ndipo Abuja alipokohoa. Huyu ni Ndagi, fundi wa redio zisizotengenezwa tena, aliyewahi kukaa Abuja miezi mitatu kwenye sebule ya shemeji yake. Tangu arudi hakuna jambo la dunia ambalo hakuliona kule likifanywa vizuri zaidi.

— Nyie mnajadili juu juu, alisema. Juu juu kabisa. Kule Abuja, barabara ya serikali kuu hawaipimi kwa upana. Wanaipima kwenda chini.

— Chini wapi?

— Chini! Mpaka katikati ya dunia. Mafuta ni ya nani? Ya serikali kuu. Madini ya nani? Ya serikali kuu. Vyote viko chini. Kwa hiyo chini ni kwao. Jimbo limebakishiwa vumbi la juu, kama hivi. Akafuta ardhi kwa ndala. Hili ndilo jimbo. Upepo ukivuma, jimbo linahama.

— Na nguzo za kibanda zimechimbiwa chini, alisema Profesa taratibu, kama mtu anayeona mlango gizani.

— Umeanza kunielewa! Mama Ozohu, nguzo zako ziko serikali kuu mpaka magotini. Jimbo haliwezi kuzigusa.

— Na mimi niliyesimama juu ya vumbi?

— Wewe ni wa jimbo, mama. Wanaweza kukuondoa wewe. Nguzo haziondoki.

— Ahsante sana, mwanangu. Nitaziambia nguzo zikaange.

Obiora naye, ambaye hoja za wenzake humwasha kama upupu, akasimama na kuligonga lile tangazo.

— Mbona mnajitesa? Ipi iko juu? Karatasi iko juu ya rangi. Aliye juu ni serikali kuu. Aliye juu mngoje chini. Mambo yameisha.

— Kwa hiyo mbuzi akiila hiyo karatasi, alisema Mheshimiwa, katiba ya nchi imebadilika?

— Akiila yote, ndiyo.

— Akiila nusu?

— Nusu inabaki, aliamua Obiora. Kwani mbuzi ni wa nani?

Wakaanza kumjadili mbuzi, wa jimbo au wa shirikisho, na kama mate yake ni ushahidi. Kelele ya bati ikasikika tena, sasa na sauti ya mwanamke anayelia nyuma yake. Ilitoka kwa Mama Ladi muuza viazi, kibanda cha kwanza baada ya mzunguko. Mama Ozohu aliijua sauti hiyo kama anavyojua yake. Vibanda vilivyobaki kati yao vilikuwa kumi na kimoja. Aligeuza akara zake, moja baada ya moja.

— Wanaume, alisema. Hiyo sheria yenyewe ya jimbo, kuna mmoja wenu aliyeisoma?

Mheshimiwa akamtazama Profesa, Profesa akamtazama Mheshimiwa.

— Ilichapwa yote kwenye gazeti la Jumatatu, alisema Obiora. Kurasa nne. Hakuna aliyelinunua.

— Liko wapi?

— Nimekupa wewe ufungie.

Wote wakageuka. Rundo la kufungia lilikuwa limebaki na ukurasa wa michezo tu. Kisha, kwa pamoja, macho yote yakaenda kwenye mkono wa Abuja, ambaye alikuwa anaifikisha mdomoni akara yake ya nne, na karatasi imemzunguka vidole.

— Usimeze! alipiga kelele Mheshimiwa, kwa ile sauti yake ya kazini, na muuza maji ng'ambo ya barabara akasimama wima bila kujua kwa nini. Unakula juu ya sheria!

Wakamnyang'anya, wakaitandaza kwenye benchi. Ilikuwa yenyewe: Sheria ya Usafi wa Barabara, kifungu cha pili, maana ya maneno. Lakini mafuta ya mawese yalikuwa yameipenya, na karatasi ya gazeti ikinywa mafuta hugeuka kioo. Nyuma ya ukurasa palikuwa na tangazo la msiba, kama ilivyo nyuma ya karibu kila ukurasa wa gazeti, na sasa marehemu alikuwa amejitokeza upande wa pili: mzee wa watu mwenye kofia, ametulia katikati ya kifungu cha pili, na maneno yake yamejipenyeza katikati ya maneno ya serikali.

Mheshimiwa akavaa miwani, akasoma kwa kufuata mstari, hata zile herufi zilizopinduka:

— “Kibanda maana yake ni kitu chochote cha biashara chenye nguzo na paa, kilichosimama kando ya barabara... na kuacha mjane, watoto tisa na wajukuu wengi.”

— Hilo la mwisho ni la marehemu, alisema Profesa.

— Limeandikwa!

— Limeandikwa nyuma!

— Mimi sisomi nyuma wala mbele, mimi nasoma kilichoandikwa. Nimesema tangu mwanzo: maneno ni maneno. Kibanda lazima kiache mjane. Mama Ozohu, wewe ni mjane?

— Unajua vizuri mimi ni mjane, mazikoni ulikula sahani tatu.

— Watoto wangapi?

— Watano.

— Watano! Mheshimiwa akapiga paja. Sheria inataka tisa. Upungufu wa watoto wanne. Hiki si kibanda kisheria! Kesi imefutwa!

— Mzee huyu ana wazimu, alisema Profesa. Tazama nia! Hakuna bunge linaloweza kutunga...

— Unalijua bunge letu? aliuliza Abuja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyeweza kumpinga.

Profesa akajaribu njia nyingine. Labda, alisema, bunge lilikusudia huruma: kibanda chenye mayatima wengi ndicho kiondolewe kwanza, ili mayatima wapate nafasi ya kucheza. Abuja akasema kule Abuja alimwona waziri mwenye watoto tisa na hana kibanda, kwa hiyo sheria hii ilimlenga yeye na imekosea anwani. Obiora akataka kujua kama marehemu alikuwa mtu wa jimbo au mtumishi wa serikali kuu, maana hilo linabadilisha kila kitu. Wakaigeuza karatasi kumtafuta. Aliwahi kuwa posta. Posta ni serikali kuu. Kelele ikapanda upya.

Katapila lilikuwa limefika kwa fundi viatu. Vibanda vitatu. Sasa hata vumbi lake lilionekana.

Mama Ozohu akaipuliza kuni iliyokuwa inazimika, akafuta mikono, akainama juu ya karatasi. Shule aliacha darasa la nne, lakini herufi kubwa haikuwahi kumshinda. Akaweka kidole pale kabla ya marehemu kuanza.

— Hapa pameandikwa nguzo na paa.

— Ndiyo, alisema Mheshimiwa, bila kumtazama.

— Na karatasi ya wakubwa ubaoni inasema kilichosimikwa ardhini.

— Ndiyo, mama, tupishe kidogo, tuko kwenye hoja nzito.

— Basi si mniteremshie hilo paa? Paa halijasimikwa ardhini, wakubwa hawalidai. Nguzo tupu si kibanda, jimbo halizidai. Kila serikali ibaki na nusu yake ijilie.

Alisema kwa kejeli, kama mtu anavyomwambia mwizi achukue na mlango. Lakini benchi lote likamgeukia. Mheshimiwa akavua miwani polepole.

— Hiyo, alisema, ndiyo hukumu niliyokuwa naielekea.

— Mimi nilishaiona kwenye nia, alisema Profesa.

— Kule Abuja, alisema Abuja, nyumba nyingi tu hazina mapaa.

— Mnateremsha au mnajisifu?

Wakateremsha. Wanaume wanne, kila mmoja kona yake, Obiora akiamrisha ingawa ndiye aliyekuwa mfupi kuliko wote. Misumari ilitoka kwa kulia, fremu ikainuka nzima, wakaibeba na kuiegemeza kwenye ukuta wa mahakama. Jua likamshukia Mama Ozohu utosini kama mdai. Akakaanga.

Katapila likasimama mbele yao, likitetema. Akateremka kijana mwenye kizibao cha kung'aa, orodha mkononi, kalamu imefungwa kwa uzi. Kwenye kizibao liliandikwa jina lake: Enejo. Mgeni kabisa pale Okpareke. Alisalimia kila mtu kwa kuinama, jambo ambalo wabomoaji hawana.

— Shikamooni wazee. Natafuta kibanda namba arobaini na tatu.

— Hakipo, alisema Mheshimiwa.

— Mbona naona nguzo?

— Hizo ni za serikali kuu. Zinangoja kuhesabiwa. Soma karatasi.

Kijana akasoma karatasi. Akafungua nakala yake ya sheria, safi, isiyo na mafuta wala marehemu, akasoma kifungu cha pili kwa kutikisa midomo. Akatazama juu. Anga tupu.

— Paa hakuna, alikiri.

— Paa hakuna, waliitikia wote kama waumini.

— Na lile pale ukutani?

— Liko kwenye ukuta wa mahakama, alisema Profesa. Kama una swali juu yake, ingia uiulize mahakama.

Kijana aliutazama mlango wa mahakama kwa muda, na uso wake ukawa wa mtu aliyewahi kuingia humo na kutoka mwaka uliofuata. Akaikata namba arobaini na tatu kwenye orodha, akampungia dereva. Katapila likapita. Likaelekea kwa kinyozi.

Furaha ya benchi haikuwa na kipimo. Mheshimiwa alisema hukumu hii inastahili kuchapwa kitabuni. Profesa alisema ichapwe, ila jina lake litangulie. Abuja alianza kueleza namna shemeji yake angeipokea. Mama Ozohu aliwaacha. Unga wa kunde ulikuwa bado nusu ndoo, na watu wa saa saba walikuwa karibu kutoka kazini. Nguzo nne zilisimama. Zilikuwa zake.

Kisha kitu cha baridi kikamgonga shingoni.

Karai likajibu kwa mlio, mafuta yakaruka, akarudi nyuma hatua mbili. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wameshaanza kukimbia.

— Mvua! Paa langu! Leteni paa!

Obiora alikuwa amelala kifudifudi juu ya magazeti yake, mikono na miguu imetandazwa, haitiki mtu. Wale watatu wakalikimbilia paa, wakalirudisha, wakalipandisha juu ya nguzo. Abuja akaokota jiwe la kupigilia misumari.

— Usipigilie! alipiga kelele Mheshimiwa. Katapila liko kwa kinyozi! Ukipigilia ni kibanda!

— Nikiliweka juu ya nguzo bila kupigilia?

— Limekaa juu ya nguzo, ni nguzo na paa, alisema Profesa. Hilo hilo!

— Basi liinueni, alisema Mama Ozohu. Lisiguse nguzo. Shikeni!

Wakashika. Mheshimiwa kona moja, Profesa kona moja, Abuja kona moja, mikono juu, paa likiwa upana wa kidole juu ya nguzo, na mvua ikilipiga kama ngoma ya mazishi ya chifu. Kona ya nne ililegea, na maji yakaanza kukusanyika kuelekea huko, yakiteleza polepole kuelekea upande wa karai.

Mtu akaja mbio kutoka kwa kinyozi, orodha ameikumbatia kifuani, akajitupa chini ya bati. Ni Enejo. Akafuta uso kwa kizibao, akashukuru, akapokea bakuli la uji ambalo Mama Ozohu alimpa bila kuulizwa. Akanywa funda mbili. Kisha akatazama juu. Akatazama nguzo. Akatazama ule upana wa kidole katikati. Akatoa orodha yake iliyolowa, akaitafuta namba arobaini na tatu aliyoikata.

— Wazee wangu, aliuliza, na hakukuwa na ubaya wowote sautini, alitaka kujua tu. Sasa hiki ni kibanda au si kibanda?

Mheshimiwa akafungua mdomo, maji yakamwingia. Profesa akatazama miguu yake. Abuja akageuza uso upande iliko Abuja. Atakayejibu vibaya itabidi aachie paa.

Maji ya kona ya nne yakapata njia. Mstari mwembamba ukaanza kudondoka, hatua moja kutoka kwenye mafuta.

Mama Ozohu akainua mwiko, akamwonyesha.

— Utaandika baadaye, mwanangu. Kona ile haina mtu.

Kijana akaitazama orodha, akalitazama karai. Akaweka bakuli chini, akaikunja orodha, akaichomeka kiunoni, akashika.